Mikono ya Mkunga

"Mwanzo upo, mwisho upo, nakala imepita. Mkanda tupa humo," alisema Kisanga, mkuu wa hifadhi ya filamu za mafunzo, huku akichochea moto kwenye pipa.

Namsifu, mkaguzi wake, hakusogea. Nakala ya kompyuta iliyotolewa kwenye mkanda huo alikuwa ameitazama yote, si ncha mbili kama walivyozoea: kichanga hapumui, kisha giza, kisha kichanga analia.

"Mikono ya mkunga haimo."

"Wakunga wanaijua kazi yao."

"Wanajifunzia wapi, kama si kwetu?"

"Wewe mama, lete hilo kopo kabla sijakunyang'anya."

Namsifu alilikumbatia kopo la mkanda. Ndani ya pipa, mikanda ya asubuhi, aliyoipitisha mwenyewe kwa kutazama ncha tu, ilikuwa ikijikunja na kudondosha matone ya moto.