Darasa la Dakta Hesketh

"Unajuaje? Umeona mwenyewe au umesimuliwa?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma, kwa mzee mwenye koti la viraka na kofia iliyomfunika nusu ya uso. Hiyo ilikuwa mara ya nne kumkatiza aliyekuwa ubaoni. Bwana Lascelles, mkaguzi wa elimu kutoka London, akaandika daftarini: hawafundishiki.

Alitumwa Durham kuamua jambo moja tu. Dakta Hesketh, mwanafizikia, aliacha maabara ya Cambridge akaja kufundisha wachimba makaa. Je, darasa lake liendelee au lifungwe? Jibu Lascelles alikuja nalo mfukoni, na huo mimi nauita uonevu.

Pale ubaoni, mwenye suti na tai alikuwa akivuja jasho, lakini hakutetereka. Alishika wavu wa waya juu ya mdomo wa bomba la gesi, akawasha kiberiti juu ya wavu. Moto ukawaka juu. Chini, gesi ileile haikushika.

"Waya unanyonya joto kabla halijapita," alisema. "Ndiyo maana taa ya mchimbaji yenye wavu hailipui gesi ya shimoni."

"Na wavu wenyewe ukipata moto mno?" mzee akadakia. "Sema, usimung'unye maneno!"

"Moto utapita, na sote tumekwisha! Umeridhika, mzee?"

Darasa zima likaangua kicheko, mzee akiwa wa kwanza.

Somo lilipokwisha, Lascelles alimwendea mwenye tai, akampa mkono.

"Hongera, Dakta. Hata chuo kikuu sijasikia somo safi namna hii. Na ndiyo sababu nalifunga darasa. Kipaji chako kinaozea hapa. Fizikia haiingii kichwani mwa mchimba makaa, hata umpigilie kwa nyundo."

Mwenye tai alimkazia macho.

"Yaandike hayo, bwana. Yote. Somo lilivyokuwa safi, na mchimba makaa asivyoweza. Kisha utie sahihi."

Lascelles akachana karatasi daftarini, akaandika kwa madaha, akatia sahihi, akamkabidhi.

"Haya, sasa rudi chuoni kwako."

"Chuo gani, bwana?" Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Jumamosi tunafundisha sisi wenyewe. Leo ilikuwa zamu yangu mimi, Ridley, na saa nane nateremka shimoni kuchimba makaa. Dakta Hesketh ndiye yule mzee wa kofia."