Kibuyu cha Nyamizi

Tangu kampuni moja ipewe hataza, yaani haki ya kipekee kisheria, ya chachu ya mtindi, Nyamizi aliruhusiwa kugandisha maziwa kwa ajili ya watu wa nyumba yake tu. Kibuyu kilikuwa cha bibi yake, na hao wenye hataza hawajawahi hata kukiosha, lakini alichoka kubishana akachukua kibali.

Mkaguzi, kijana mpole aitwaye Lusajo, alifika jua likiwa kali. Alisoma kibali, akachungulia kibuyuni, akasema kila kitu kiko sawa. Nyamizi alishusha pumzi, akamjazia kikombe kama anavyomjazia yeyote anayeketi kwake. Lusajo alikunywa chote, akafuta midomo, akawasha tena kishikwambi chake.

"Mama, umempa mtu asiye wa nyumba hii."

"Nimekukaribisha, mwanangu."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Basi ningekuacha ufe kiu kwangu?"

"Maji hayana hataza, mama."

Akakifunga kibuyu kwa utepe mwekundu, akaondoka nacho, huku akishukuru kwa mtindi.

Jioni jirani alipiga hodi. Nyamizi alikaa kimya nyuma ya mlango mpaka nyayo zilipoondoka.