Theluji ya Ndeshi

Siku hizo marehemu aliruhusiwa kurudi kwa wenzake, ila juu ya theluji tu. Kwa hiyo Manka na Elinami walipanda mlimani mwishoni mwa msimu wa theluji, hoteli ya huko imebaki na mpishi peke yake, wakamkuta marehemu rafiki yao Ndeshi anawangoja na mbao zake za kutelezea.

"Manka, umenenepa! Mlima utakubeba kweli?"

"Nyamaza, wewe usiyezeeka!"

Waliteleza, wakaanguka, wakarushiana theluji kama zamani, walipokuwa wasichana. Jua likawaka. Alasiri kilibaki kipande cha theluji kama mkeka, Ndeshi amesimama katikati.

"Msiniache," alisema.

"Mwache apumzike, shoga," Elinami alinong'ona. Manka hakusikia la mtu. Alimwaga mtori wote, supu ya ndizi iliyokuwa kwenye chupa ya chai, akachotea humo theluji ya pale miguuni pa Ndeshi. Nyumbani alitoa nyama kwenye friza ili amwekee nafasi, na tangu hapo wakawa wanapiga soga kila akipika.

Leo umeme umekatika tangu asubuhi. Manka ameegemea mlango wa friza, hathubutu kuufungua. Ndani Ndeshi bado anamsimulia utundu wao wa shuleni, na Manka anazidi kusogeza sikio.