Mji wa Kurukwa

Kila mara mratibu alipochomeka pini kwenye mji ule ramanini, Radi, rapa mwenye ziara, aliing'oa.

"Huo tuuruke, dada."

Akiulizwa sababu, alibadilisha mada. Leo udadisi ukamshinda mratibu. Mbele ya Radi akaupigia simu ukumbi wa mji ule, spika wazi, akaomba siku ya shoo ya Radi.

"Ngoja niangalie kalenda, mdogo wangu," alisema mwanamke wa ukumbi, akawa anaimba chinichini.

Mratibu akaganda, pini mkononi. Sauti ile kila redio iliijua. Ndiyo ya kiitikio kilichompa Radi jina, kiitikio ambacho siku zote alidai hamkumbuki aliyekiimba.

Radi akainamisha kichwa.

"Jumamosi iko wazi," mwanamke akasema. "Mwambie alete maikrofoni mbili."