Hodi ya Wimbo wa Tatu

Sauti kwenye spika ilisema "hodi," na ukumbi mzima ukaitikia "karibu!" Hakuna aliyegeuka kutazama mlango. Walikuwa wamefumba macho, mikono juu, jasho likiwatiririka, na nje jua la Jumamosi lilikuwa bado halijatua. Watu ni watu. Ukiwapa cha kuitikia, wataitikia.

Aliyesimama nyuma ya mitambo aliitwa Besi, na jina hilo alilipata kwa kutikisa madirisha ya majirani. Alikuwa amemchukua bibi mmoja, mwimbaji wa zamani aliyekwisha kusahaulika, akamrekodi upya studioni kwake, kisha akazikatakata nyimbo zake na kuzisuka tena kwa midundo ya kompyuta. Ndiyo albamu hiyo ya rimiksi iliyokuwa inawatoa watu majumbani.

Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini wote walitaka wa tatu, wimbo wa msafiri anayekataliwa kila nyumba. Katikati yake midundo yote ilinyamaza. Ikabaki pumzi moja, kavu, inayovutwa kwa taabu, kisha ile hodi ya kukwaruza, kama ya mtu asiye na uhakika kwamba ataweza kusema ya pili. Halafu besi ikarudi kwa kishindo na watu wakapagawa.

"Ile pumzi, kaka, imenimaliza," shabiki mmoja alimwambia akijipangusa uso. "Yule bibi ni mchawi."

Bibi mwenyewe, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa uzee, alikunja uso Besi alipomwekea wimbo huo sikioni.

"Hodi nimesema saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Umesema, bibi. Iko kwenye rekodi, na mashine haina uongo."

"Haya. Uzee nao! Kama watu wanaipenda, iache."

Besi akaiacha.

Juu ya jalada la albamu aliandika: *Kwa mdogo wangu.* Huyo mdogo wake alikuwa na pumu tangu utotoni, na pumu ndiyo iliyommaliza. Besi alifungua mlango wa studio alasiri moja, alipomaliza kumrekodi bibi, akamkuta amelala kwenye ngazi, kichupa cha dawa ya kuvuta mkononi, kitupu. Alimbeba mwenyewe hadi barabarani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania, na jambo hilo lilimuuma Besi kuliko mengine yote.

Mama yao hakulia sana mbele za watu. Aliuliza swali moja tu.

"Hakukuita?"

"Hakuita, mama. Ningemsikia."

Aliuliza tena siku ya maziko, akauliza tena walipobaki wawili jikoni. Kila mara Besi alijibu hivyo hivyo, tena kwa moyo mweupe. Alimjua mdogo wake. Kwa kaka yake hakujua kubisha hodi. Aliusukuma mlango na kuingia na kelele zake, akaharibu kazi za watu mpaka Besi akazoea kukaza komeo kila anapowasha maiki. Akikuta komeo, aliupiga mlango mateke. Mtu wa namna hiyo angefika mlangoni, jengo zima lingejua. Kwa hiyo hakufika. Hilo ndilo lililompa Besi usingizi.

Aliyebishiwa hodi na kijana yule alikuwa mama peke yake. "Kwangu hapaingiwi kama ghala," mama aliwaambia tangu wadogo, na makofi yalihusika.

Kazi ya bibi ililala kwa sababu ya msiba. Besi alipopata nguvu za kurudi kwenye kiti chake, akavaa hedifoni na kuifungua upya, ndipo alipoisikia ile hodi, ndogo, nyuma kabisa ya sauti ya bibi. Ilimsisimua mwili. Akaisafisha, akaikuza, akaiweka katikati ya wimbo. Alijua palepale kwamba amepata dhahabu.

Mama hakuwahi kuisikia. Tangu msiba hakutaka muziki nyumbani kwake. Lakini majirani walimsifia mno albamu hiyo, na siku moja akapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza, akishika ukuta, bila kutazama chini.

"Nimekuja kusikia ulichomfanyia mdogo wako," alisema. "Kisha sitakuuliza tena lile swali. Nimechoka, na wewe nimekuchosha."

Besi alimpangusia kiti, akakaza komeo kwa mazoea, akapunguza sauti ya spika isimshtue, akauweka wimbo wa tatu.

Mama alisikiliza mkoba ukiwa mapajani. Bibi alipoanza kuimba, akatikisa kichwa kidogo. Midundo ilipoingia, kidole chake kikaanza kugonga mkoba, na Besi akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Hata mama! Wimbo huu ungelainisha hata jiwe.

Midundo ikanyamaza. Ikaja ile pumzi.

Kidole cha mama kikasimama.

"Hodi," ikasema spika.

Mkoba ulianguka. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, akihangaika na komeo kwa mikono miwili. "Nakuja, baba, nakuja," alisema, kwa sauti ile ya nyumbani ambayo Besi hakuwa ameisikia tangu wazike.

Mlango ukafunguka. Mama alizitazama ngazi tupu, kisha akageuka taratibu.

"Uliniambia hakuita," alisema.