Mlango wa Wodi ya Wazazi

Siku hizi mlango wa wodi ya wazazi humfungukia tu anayeongea Kiingereza bila kukwama. Binti yangu Tumsifu alikuwa ndani na kichanga chake. Nikasema maneno niliyokariri, mlango ukakataa.

"Unaongea kama unasoma tangazo la msiba," akasema jirani yangu aliyenisindikiza, Mama Kunda. "Ugombeze kama unavyogombeza kuku wangu."

Nikaugombeza kwa Kiingereza, bila kutafuta neno. Ukafunguka. Aleluya, nikaingia kifua mbele, mtori wa ndizi niliompikia ungali wa moto.

Tumsifu alikula akicheka, kisha akanipa mjukuu nimbariki. Nikafumba macho nikaomba, maneno yakatiririka kwa Kiingereza.

"Mama," akasema taratibu, "sasa mwombee kwa Kiswahili."

Nikafungua kinywa, nikangoja Kiswahili kije.