Meno ya Mama

Siku hizi sumu ya bakteria ikimwingia mtu damuni na mwili wake ukaanza kujiunguza wenyewe, mashine huhamishia nusu ya sumu hiyo kwa ndugu yake wa damu, ili miili miwili iizime. Mara nyingi hupona wote wawili. Mara nyingine hufa wote. Majirani huitwa kuja kushika, kwa sababu mgonjwa hupigana.

Mama alichomwa mguuni na mwiba wa mkonge. Siku ya tatu alikuwa anaweweseka. Majirani wanne walimlaza mkekani, nami nikalala kando yake, mpira wa mashine ukipitisha damu kati yetu.

Alimvunja pua jirani yetu Mhando kwa kisigino.

"Mkandamize goti, usimwonee haya," muuguzi alisema.

"Haya ipi? Bibi ana nguvu kama punda," Mhando alijibu, akitema damu.

Kisha Mama aligeuka akaning'ata mkono hadi mfupani. Nilidhani ni homa. Alipoachia, alisema kwa sauti yake ya kila siku, "Chomoa, Mwanahawa. Unanyonyesha."

Nilichomoa. Damu ilitapakaa mkekani, na jioni tulikuwa tunamwosha kwa maziko.

Mtoto niliyekuwa nikimnyonyesha, Siwema, sasa ana miaka kumi na saba. Juzi nilijikata na jembe. Leo natetemeka juani, na yeye ameshawaita majirani. Amekunja mkono wa blauzi, anasubiri. Nami napitisha ulimi kwenye meno yangu.